Kusadikika kwa Nani? Uigaji wa Kifizikia katika Uhuishaji wa Tarakilishi na Suala la Unywele

Utangulizi

Makala haya yanachunguza kundi la maandishi ambayo ni nadra kusomwa katika idara za fasihi, yaani makala ya kitaaluma yanayohusu uigaji wa kifizikia katika uhuishaji wa tarakilishi. Maandishi haya yalianza kujitokeza kama utanzu wenye sura yake katika miaka ya 1980, hususan kupitia mkutano wa kila mwaka uitwao SIGGRAPH, na yameongezeka mno tangu wakati huo. Lengo lake ni kuiwezesha tarakilishi kuzalisha mwendo wa moshi, maji, kitambaa, theluji au nywele kwa kukokotoa kanuni za fizikia, badala ya msanii kuuchora mwendo huo kwa mkono, picha moja baada ya nyingine. Mtazamaji wa filamu huona matokeo tu. Haioni milinganyo, wala hauoni uamuzi wa walioiandika kuhusu kipi kiigwe, kwa kiwango gani na kwa ajili ya macho ya nani.

Huenda ikaulizwa, mhakiki wa fasihi ana shughuli gani huko? Jibu ni kwamba suala linaloyasumbua makala hayo ni lile suala kongwe la mwigo. Plato, katika Jamhuri, alimshutumu msanii kwa kukaa mbali na ukweli kwa hatua tatu. Aristotle, kwa upande wake, aliona kwamba kazi ya mtunzi si kueleza lililotukia bali lile linaloweza kutukia, likakubalika kuwa lingetukia. Watafiti wa uigaji wa kifizikia, ambao wengi wao ni wahandisi na wanahisabati, hawawataji wanafalsafa hawa. Pamoja na hayo, katika muda wa miaka ishirini hivi, wamesafiri kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine: walianza kwa kuahidi ukweli wa maumbile, wakaishia kuahidi kwamba mtazamaji atasadiki. Hoja ya makala haya ni kwamba badiliko hilo halikufuatiliwa hadi mwisho wake. Maadamu kipimo ni kusadikika, basi msadiki lazima atajwe. Na katika maandishi yanayohusika, kwa muda mrefu hakutajwa. Mfano ulio bayana zaidi wa kimya hicho ni unywele.

Kanuni na Arudhi

Mwaka wa 1987 John Lasseter wa Pixar alichapisha makala yaliyoihamishia kwenye tarakilishi misingi ya uhuishaji wa jadi wa studio ya Disney. Misingi hiyo ni ya kisanii kabisa. Mhusika hujikunja kabla ya kuruka ili mtazamaji ajue kwamba kuruka kunakuja. Mwili hubonyea ugongapo ardhi na kurefuka upaapo. Vazi huendelea kusogea hata baada ya mwenye kulivaa kusimama. Mwaka uliofuata, 1988, Andrew Witkin na Michael Kass waliichukua taa ya mezani, ndugu ya ile iliyokuwa mhusika katika filamu fupi ya Pixar ya 1986, "Luxo Jr.", wakaitaka iruke. Hawakuuchora mruko wenyewe. Walieleza mahali taa inapoanzia na inapofikia, wakaeleza kanuni za mwendo na kwamba nguvu zitumike kwa uchache, kisha wakaiacha tarakilishi itafute njia. Taa ikajikunja kwanza, ikajifyatua, ikapaa, ikatua na kubonyea kidogo. Mambo ambayo wasanii wa Disney waliyafikia kwa kuyatazama maumbile na kuyatilia chumvi yalijitokeza yenyewe kutokana na milinganyo.

Si rahisi kuyasoma makala hayo ya 1988 bila kuvutiwa. Wakati huo huo, ni rahisi kuyasoma vibaya, na wafuasi wake kadha waliyasoma hivyo: kana kwamba maumbile ndiyo yaliyotunga, na binadamu akawa karani tu. Ukweli ni kwamba mwanzo na mwisho wa mruko viliteuliwa. Kigezo cha uchache wa nguvu kiliteuliwa vilevile. Lau waandishi wangetaka taa iruke kwa madaha au kwa hasira, wangelazimika kuweka kigezo kingine, na kanuni za Newton zingekubali yote. Kanuni haitungi. Kanuni huweka mipaka ambayo ndani yake mtunzi hutunga.

Msomaji wa ushairi wa Kiswahili ataitambua hali hii mara moja. Katika mjadala mrefu wa miaka ya 1970 na baadaye baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko, walikuwapo waliosema kama kwamba vina na mizani ndivyo vinavyofanya shairi liwe shairi, na wengine, baada ya Euphrase Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka wa 1974, waliosema kama kwamba vina na mizani ni pingu tu. Pande zote mbili, zinapotia chumvi, huipa arudhi uwezo isiokuwa nao. Mshororo wa mizani 16 haumwambii mshairi la kusema. Unamlazimisha atafute, na katika kutafuta hupata neno ambalo asingelipata. Taa ya Witkin na Kass ilijikunja kwa sababu hiyo hiyo. Uzuri wa mruko wake ni wa aina ya uzuri wa kina kilichopatikana, na sifa yake ni ya waliouweka mpaka mahali ufaao.

Moshi Unaotii

Badiliko kutoka ukweli hadi kusadikika halikutokea kwa siku moja, na wala halikutangazwa. Linaonekana waziwazi katika makala ya Jos Stam ya 1999 kuhusu ugiligili. Mwendo wa hewa na maji huelezwa na milinganyo ya Navier na Stokes, iliyojulikana tangu karne ya 19. Tatizo la kuikokotoa kwa tarakilishi lilikuwa kwamba hatua za muda zikiwa kubwa, tarakimu hufura hadi mwigo mzima ukaharibika. Zikiwa ndogo, msanii husubiri mno. Stam alibuni njia isiyoharibika kamwe, hata hatua ikiwa kubwa kiasi gani. Gharama yake ilikuwa kwamba mizunguko midogo ya hewa hufifia upesi kuliko inavyofifia duniani. Cha muhimu kwa makala haya ni namna mwandishi alivyolipokea kasoro hilo. Hakulificha. Alisema wazi kwamba mhandisi huhitaji vipimo sahihi, lakini katika sanaa ya picha cha kwanza ni umbo na tabia ya ugiligili, na usahihi wa kifizikia huja nyuma, pengine hauhitajiki kabisa.

Miaka miwili baadaye, 2001, Ronald Fedkiw, Stam huyo huyo na Henrik Wann Jensen waliongeza nguvu ya kubuni ambayo kazi yake ni kuyatafuta mahali mizunguko ilipomezwa na hesabu na kuichochea upya. Moshi ukarudia kujisokota. Katika lugha ya uhakiki, hapa ufundi unatumiwa kusahihisha athari za ufundi, ili msomaji asahau kwamba kuna ufundi. Ndiyo desturi ya uhalisia katika riwaya pia. Mwandishi wa riwaya ya kihalisia huongeza kijambo kisicho na maana, chungu kilichopasuka pembe au mbwa anayebweka mbali, kwa kuwa bila kijambo hicho ulimwengu wake ungekuwa msafi kupita kiasi.

Hatua iliyofuata ni ya kuustaajabia ukweli wake. Mwaka wa 2003 Adrien Treuille, Antoine McNamara, Zoran Popović na Stam walieleza njia ya kuufanya moshi ufuate picha teule za msanii: aseme moshi uwe na umbo hili sasa na umbo lile baadaye, na tarakilishi itafute pepo zisizoonekana ambazo zikivuma zitaufikisha huko. Mtazamaji anaona moshi unaotii sheria za dunia. Mtunzi anajua kwamba sheria zinamtii yeye. Hakuna udanganyifu hapa, au tuseme hakuna udanganyifu zaidi ya ule wa msimulizi maizi anayeujua mwisho wa kisa na kuyapanga matukio yote yaelekee huko huku yakionekana kujiendea.

Nadharia ya jambo hili ilikwisha kutolewa mwaka wa 1996 na Ronen Barzel, John Hughes na Daniel Wood, katika makala ambayo, kwa mhakiki wa fasihi, ndiyo yenye thamani kubwa kupita yote yanayotajwa hapa. Hoja yao ni sahili. Dunia imejaa mikwaruzo na vishimo vidogo ambavyo hakuna mtazamaji anayevijua. Kwa hivyo hakuna mwendo mmoja tu ulio sahihi wa mpira unaodunda. Ipo miendo mingi, na yote yaweza kukubalika. Mwigaji ana haki ya kuchagua miongoni mwayo ule unaokifaa kisa chake. Badala ya kuuliza ni nini kingetokea, aulize ni nini mtu angekubali kwamba kingetokea.

Aristotle angelitia sahihi fungu hilo. Shaaban Robert naye angelicheka kwa furaha, kwani yeye ndiye aliyeiita nchi yake ya angani Kusadikika, katika kitabu cha 1951, na kuiacha kejeli ya jina hilo ifanye kazi kimyakimya: nchi isiyoweza kuwapo imepewa jina la sifa ambayo haina, na msomaji, akimaliza kuisoma hadithi ya mashtaka ya Karama, anatambua kwamba anaijua nchi hiyo vizuri kuliko alivyodhani. Shaaban Robert alijua anamwandikia nani. Kusadikika kwake kulikuwa na msadiki, raia wa nchi iliyotawaliwa, aliyefundishwa kusoma kati ya mistari. Barzel na wenzake, kinyume chake, wanamtaja mtazamaji bila kumpa sura. Ni mtu tu, mwenye macho tu. Ufa unaanzia hapo.

Unywele kama Hoja

Kiswahili kina maneno mawili ambayo Kiingereza cha makala ya kisayansi hakina. Nywele za singa ni zile ndefu, laini, zilizonyooka. Nywele za kipilipili ni zile zilizojisokota kwa karibu hadi zikafanya vijishada vidogo. Msemaji wa Kiswahili anayetaka kuzungumzia mojawapo analazimika kuitaja. Katika makala ya uigaji, kwa takribani miaka thelathini, neno lililotumika ni nywele basi, bila kivumishi, na maana yake ilikuwa singa au kitu kinachokaribiana nayo.

Mathalani, mwaka wa 1992 Ken-ichi Anjyo, Yoshiaki Usami na Tsuneya Kurihara walitoa makala ambayo kichwa chake kinaahidi kuutoa urembo wa kiasili wa nywele. Mbinu yao ni ya kihandisi: kila unywele unachukuliwa kama ufito ulioshikizwa upande mmoja, unaoinama kwa uzito wake, kama boriti iliyochomoza ukutani. Ufito ulioshikizwa upande mmoja ni sitiari, tena ni sitiari nzuri, kwa nywele zinazoshuka. Kwa nywele zinazopanda na kusimama, haisemi lolote. Lakini kichwa cha makala hakisemi "urembo wa kiasili wa nywele zinazoshuka". Ni vyema kuongeza kwamba watafiti hao walifanya kazi Japani na waliziiga nywele zilizowazunguka. Hawakuwa na nia mbaya kwa mtu. Ubaya wa kivumishi kilichoachwa ndio huo, kwamba hakihitaji nia.

Inawezekana kupinga hoja hii kwa kusema kwamba fizikia haina rangi. Nadharia ya fito nyembamba zinazopinda na kusokoteka, ambayo Kirchhoff aliishughulikia katika karne ya 19, inahusu ufito wowote, ulionyooka au uliojiviringa. Isitoshe, mwaka wa 2006 Florence Bertails na wenzake nchini Ufaransa waliueleza unywele kama mfululizo wa vipande vya mzunguko wa mfano wa springi, na kwa njia hiyo mawimbi na mapindi yakaingia katika nadharia kwa haki yake. Pingamizi hili ni la haki na linastahili kujibiwa kwa hesabu, si kwa hasira.

Tarakilishi haiwezi kuubeba ufito mzima. Huukata vipande na kuvifuatilia vipande hivyo. Tuseme kipande kimoja kina urefu wa sentimita 1. Unywele wa singa wenye urefu wa sentimita 20 utakuwa na vipande 20, na mstari utakaopatikana utapinda kwa ulaini unaotosha jicho. Sasa uchukuliwe unywele uliojiviringa kwa nusukipenyo cha milimita 5. Mzingo wa duara hilo ni milimita 31 hivi. Ukikatwa kwa vipande vile vile, kila mviringo utapata vipande vitatu, na duara lenye pande tatu ni pembetatu. Nadharia haijavunjwa. Kirchhoff hajakosea popote. Ila uamuzi mmoja mdogo, ule wa urefu wa kipande, ambao katika makala huchukua nusu sentensi, umekwisha kuamua ni kichwa cha nani kitakachoonekana kama kichwa na cha nani kitakachoonekana kama rundo la waya. Inawezekana kuvipunguza vipande, ni kweli. Lakini muda wa kukokotoa huongezeka, na mtafiti anayepimwa kwa kasi ya njia yake hana sababu ya kuichagua picha itakayomchelewesha.

Kuhusu uteuzi wa picha, maandishi haya yana wahusika wake bapa, wanaojirudia kama Sungura na Fisi katika ngano. Kuna birika la chai alilolibuni Martin Newell katika Chuo Kikuu cha Utah mwaka wa 1975. Kuna sungura wa udongo aliyepigwa picha za vipimo na Greg Turk na Marc Levoy huko Stanford mwaka wa 1994. Wasomaji wa utanzu huu huwaona wakiyeyuka, wakivunjika, wakifunikwa kwa shuka au kuzama majini, na kila mara wanajua kwamba hapa njia mpya inajaribiwa. Katika nyanja ya nywele mhusika bapa ni kichwa cha mwanamke kinachogeuka upesi ili nywele zirushwe upande na kurudi, au kinachopulizwa na upepo. Hakuna aliyekitungia sheria. Kimekuwa desturi, na desturi ya jaribio ina nguvu kuliko nadharia, kwa kuwa nadharia inaruhusu mengi lakini jaribio linadai kimoja.

Linaloshuhudia zaidi ni makala ya mwaka 2013 ya Hayley Iben na wenzake wa Pixar kuhusu nywele za Merida, shujaa wa filamu ya "Brave" ya 2012. Merida ni binti wa Uskochi mwenye nywele nyekundu za mapindi makubwa. Uigaji wa kawaida ulishindwa kuzihudumia. Mapindi yakiwa malegevu, uzito uliyanyoosha pindi mhusika aliposogea; yakiwa makakamavu kiasi cha kuhifadhi umbo, yalikuwa kama chuma na hayakuchezacheza. Msanii alitaka yote mawili, umbo lisilopotea na mchezo mlaini, na nywele halisi hazina budi kuchagua. Waandishi wakabuni springi za ziada zinazoshika kiini cha kila pindi, ili kunyooka kuzuiwe pasipo kuuondoa mchezo. Walifanya hivyo kwa uwazi na kwa ustadi. Fizikia ilipokataa kumpa Merida nywele zake, fizikia ilirekebishwa.

Mwaka huo huo wa 2013, Alexey Stomakhin na wenzake walichapisha njia ya kuiiga theluji iliyotumika katika filamu ya "Frozen", wakiichukua kutoka mekanika ya vitu yabisi mbinu ya kufuatilia chembe na gridi kwa pamoja, ili theluji iweze kushikana, kuvunjika na kuporomoka. Kuyaweka makala haya mawili sako kwa bako kunafichua jambo ambalo hakuna mojawapo linalolisema. Vitu vinavyopata nadharia ni vitu vinavyohitajiwa na kisa kilichokwisha kulipiwa gharama. Binti wa Uskochi alihitaji mapindi, mapindi yakapata springi. Malkia wa barafu alihitaji theluji, theluji ikapata chembe. Mtu akizisoma mada za utafiti huu kwa mfuatano wa miaka, anasoma, pamoja na mengine, orodha ya wahusika wakuu wa filamu. Katika orodha hiyo kipilipili haikuwa imehitajiwa na yeyote mwenye fedha za kutosha.

Ilichelewa pia kutajwa. Mwaka wa 2020 Theodore Kim, mtafiti aliyepata kufanya kazi Pixar kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Yale, alichapisha katika jarida la Scientific American makala yaliyodai kwamba mbinu za kuisawiri ngozi na nywele za binadamu zilijengwa juu ya sifa za watu weupe, kisha zikaitwa mbinu za binadamu kwa jumla. Makala hayo yaliandikwa kwa ukali. Kwa mtazamo wa kifasihi, nguvu yake haimo katika ukali bali katika mbinu yake ya usomaji: Kim aliwasoma wenzake kama mhakiki anavyoisoma riwaya ya kikoloni, akitafuta kile kinachochukuliwa kuwa cha kawaida kiasi cha kutohitaji jina. Udhaifu wake ni kwamba yanamwelekea mno mtafiti binafsi, kana kwamba kila kasoro ina mwenyewe. Hoja ya urefu wa kipande iliyotolewa hapo juu inaonyesha kwamba kasoro laweza kukaa katika chombo chenyewe, likarithiwa na watu wasio na hatia.

Haikuishia kwenye shutuma. Mwaka wa 2023 Alvin Shi, Haomiao Wu, Jarred Parr, A. M. Darke na Kim walitoa njia ya kuziiga nywele zilizojiviringa kwa karibu, ambazo nusukipenyo cha mizunguko yake kinakaribia milimita 5, bila ya mwigo kuharibika hata vipande vipindapo sana, na kwa hatua za muda za kadiri ya sehemu moja ya 30 ya sekunde. Mwaka wa 2024 Wu, Shi, Darke na Kim waliongeza uchunguzi wa umbo lenyewe, na hapo ndipo maandishi haya yanapofikia daraja ya uhakiki wa karibu. Walitazama nywele za asili ya Kiafrika na kubainisha mambo matatu ambayo maandishi ya awali hayakuwa na majina yake: jinsi mizunguko ya nywele jirani inavyoshikamana na kwenda sambamba, jinsi unywele mmoja unavyoruka mzunguko na kuachana na wenziwe, na jinsi mzunguko unavyogeuza mwelekeo wake katikati ya unywele. Kila jambo likapewa fasili ya kihisabati.

Msusi yeyote wa Gikomba au Kariakoo anayajua mambo hayo matatu kwa vidole. Kauli hii haikusudiwi kuyadunisha makala ya 2024. Kuna tofauti baina ya kujua na kuandika kwa namna ambayo mwingine asiyejua aweza kujenga juu yake, na tofauti hiyo ndiyo kazi yote ya taaluma, iwe ya hisabati au ya fasihi simulizi. Darke mwenyewe, ambaye ni msanii na mhadhiri katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, alikuwa tayari ameanzisha maktaba huria ya mifano ya nywele za Kiafrika kabla ya makala haya kuchapishwa. Studio za filamu nazo zilikwisha kuzisawiri nywele hizo kwa jasho la wasanii wake, kama inavyoonekana katika kinyozi cha filamu ya "Soul" ya 2020. Kilichokosekana ni maandishi, na kwa kukosekana kwake kila studio ndogo isiyo na jeshi la wasanii ilibaki na singa.

Lugha yetu yenyewe haina usafi wa kujivunia katika jambo hili. Neno kipilipili limetokana na pilipili, na katika vinywa vingi si sifa. Ushairi wa mapenzi wa mwambao, unapomsawiri mwanamke mzuri kiungo kwa kiungo, umezoea kuzisifu nywele ndefu za singa, na wahakiki wamezipitia tashibiha hizo mara nyingi wakihesabu tamathali bila kuuliza zinamwacha nje nani. Anayeweza kumshangaa Anjyo kwa kuacha kivumishi anapaswa pia kuyaeleza masimulizi ya uzuri ambamo kivumishi kimetajwa, na kimetajwa kwa upande mmoja tu.

Isisahaulike kwamba si kila uhuishaji unahitaji kuiiga dunia. Mfululizo wa Tinga Tinga Tales, uliotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka wa 2010, ulichukua mtindo wa uchoraji ulioasisiwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam, wenye rangi bapa na wanyama wa madoadoa, na hakuna mtoto aliyelalamika kwamba manyoya ya simba hayatii nguvu ya uvutano. Kusadikika kwake kulitokana na sauti, na mdundo wa ngano, na ule ujuzi wa msikilizaji kwamba katika ngano ndivyo mambo yalivyo. Hata hivyo njia hiyo ya kukwepa haitoshi kuwa jibu. Mtunzi wa Afrika Mashariki anayechagua mtindo bapa kwa kuupenda yuko huru. Anayeuchagua kwa kuwa chombo hakiwezi kumwonyesha dada yake, uhuru wake una walakini.

Inabaki kasoro moja katika makala ya 2023 na 2024, na ni ya kimuundo zaidi kuliko ya kiufundi. Unywele unaochunguzwa humo ni unywele ulioachiliwa. Lakini katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki nywele za kipilipili huonekana zikiwa zimesukwa: mabutu, twende kilioni, misuko ya nyongeza inayoshuka hadi mgongoni. Zikisukwa, fizikia yake hubadilika kabisa. Msuguano unakuwa mkuu kuliko unyumbufu, na kinachosogea si unywele bali msuko, wenye uzito wake, unaogonga bega na kutoa sauti ikiwa mwishoni umetiwa shanga. Na hata zikiachiliwa, kipimo cha upepo hakizifai. Upepo unaoipeperusha singa huzipita nywele hizi bila ya kuzisogeza sana, na mtazamaji aliyezoea jaribio la upepo atadhani mwigo umeshindwa mahali ambapo umefaulu. Jaribio lake ni jingine: kiganja kinachozibonyeza nywele kisha kikaondolewa, nazo zikarudi polepole, chanuo linalopita na kukwama, kichwa kilicholaliwa upande mmoja na kuamka kikiwa na umbo la mto.